Ndugu yako ana skizofrenia na unaambiwa umpige MRI? Fanya hivi kwanza

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini vitu ambavyo havipo. Kama upo huku Uyole, Tukuyu au Mafinga na mtu kakwambia "mpelekeni akapigwe picha ya ubongo ugonjwa uonekane", usiuze shamba la viazi bado.

Ni kweli ubongo umepimwa sana. Mwaka 1976 watafiti wa London walitumia siti skani (CT, picha ya ubongo ya mionzi) wakakuta vile vyumba vya maji katikati ya ubongo vimetanuka kwa wagonjwa wa skizofrenia, baadae MRI, picha ya sumaku, ikaonyesha na hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, imepungua kidogo. Tafiti nyingine zikakuta mabadiliko makubwa zaidi kwa wanaume, nyingine hazikuona tofauti. Ila huo ni wastani wa watu wengi, picha ya ndugu yako peke yake haisemi ana skizofrenia au hana. Picha inasaidia kutafuta uvimbe au damu, so kama aliumia kichwa, ana degedege au kichwa kinamuuma vibaya mwambie daktari, yeye ndo ataamua.

Kitu cha kushika ni umri. Wanaume wengi huanza kuugua miaka ya mwisho ya ujana mpaka ishirini na kitu, wanawake wengi huchelewa, wengine wanaanza karibu na kukoma hedhi, na homoni ya kike, estrojeni, inadhaniwa inawakinga kidogo kabla ya hapo. Dada yangu alianza na miaka 31, anafunika redio kwa kanga kwasababu inamsema, na bado anapika anaenda sokoni Mwanjelwa, sisi tukasema umri huu sio wa kuchanganyikiwa, ni majini tu. Tulipoteza mwaka mzima kwa waganga, inaniuma mpaka leo.

Kwahiyo nunua daftari, andika lini alianza kubadilika, analalaje, sauti zinamwambia nini, dawa kameza saa ngapi. Kama ni mwanamke andika na tarehe za hedhi, wengine huzidiwa siku zinapokaribia. Nenda nalo kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, na useme kama anapanga kuzaa maana dawa za valproeti, za degedege na za kutuliza akili ambazo wengine hupewa, ni hatari kwa mtoto tumboni. Haloperidoli na risperidoni, dawa za skizofrenia, zinaweza kukatisha hedhi, na bado mimba inaweza kuingia, so ikichelewa msimwachishe dawa wenyewe, mpimeni mimba af mrudi kliniki na daftari lenu.