Kufua chembe cha mshale kwa msumari wa inchi 6

Msumari wa inchi 6 wa duka la vifaa, Katwe jijini Kampala au mjini Moroto, Uganda, unatosha chembe kimoja. Kata kichwa chake. Washa makaa ya mti mgumu, vukuta mpaka chuma kiwe rangi ya chungwa, kisha fua sentimita 4 za ncha juu ya fuawe hadi unene wa milimita 2.

Hapa ndipo wengi huharibu. Chuma kikirudi wekundu wa giza, acha nyundo, rudisha motoni. Ukilazimisha, kingo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Kikitoa cheche nyeupe kimeungua: kata sehemu hiyo.

Upande wa pili vuta mkia wa sentimita 5, mwembamba kama sindano ya gunia, usiwe duara, ili chembe kisizunguke ndani ya uti wa mshale. Noa kwa tupa, pande zote mbili sawasawa. Usihangaike kukizamisha majini: msumari una kaboni kidogo, hauwi mgumu. Ukitaka makali ya kudumu, tumia springi ya gari.

Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019.