Somo: Shindano la picha la mwezi, kuanzia mada hadi alama

Ugomvi mwingi wa klabu za picha hauanzi kwa majaji. Unaanza wiki tatu kabla yao: mada ililegea, faili zilifika zimebanwa, projekta ikageuza nyuso za watu kuwa majivu. Jaji akiketi, madhara yameshafanyika, na lawama zote zinamwangukia yeye. Somo hili limepangwa kwa klabu ya watu 20 hivi mjini Jinja, Uganda, wenye kamera za kila aina na simu, wanaokutana Jumamosi moja kila mwezi. Mkiwa Mbale au Arua, badilisheni majina ya mahali tu.

Hatua ya 1: Mada

Neno tupu kama "Maji" litawaletea machweo 15 ya Mto Nile na mtumbwi mmoja. Toeni mada yenye mpaka: "Mikono kazini: mikono ionekane, uso si lazima." Hapo fundi baiskeli anaingia, mkunja rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) anaingia, mama anayemenya matoke anaingia, na picha ya arusi ya mwaka juzi inabaki nje bila mabishano.

Tangazo liwe na mambo mengine matatu, kwa maandishi. Picha ipigwe ndani ya mwezi wa mada. Bila hilo, mwenye akiba ya miaka 10 anashindana na aliyenunua kamera juzi. Kila mtu alete picha 2, si zaidi. Kurekebisha mwangaza, rangi na kukata kingo kunaruhusiwa; kuongeza au kuondoa kitu, au kutumia sehemu iliyotengenezwa na akili bandia, hakuruhusiwi, na watakaoshika nafasi 3 za kwanza wataonyesha faili la asili kutoka kwenye kamera kabla ya kutangazwa.

Hatua ya 2: Matembezi ya picha

Fanyeni Jumamosi ya pili, asubuhi. Jinja iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima, kama digrii 15 kwa saa. Dakika 40 baada ya kuchomoza limeshafika kama digrii 10 juu, na vivuli vinaanza kukaza. Ule mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya Ulaya vinasema hudumu saa nzima na zaidi, hapa una nusu saa hivi. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, basi saa 12 na robo kila mtu awe amesimama mahali pake, betri imejaa, lenzi imefutwa. Anayefika saa 2 amekuja kutembea tu.

Gawanyikeni watu wannewanne. Kundi la watu 20 wenye kamera likishuka kwenye mwalo wa Masese kwa pamoja, wavuvi wanaacha kazi na kuanza kuwatazama ninyi. Siku moja kabla, watu wawili waende kwa mwenyekiti wa mwalo, waeleze wanataka nini na picha zitaonyeshwa wapi. Asubuhi yenyewe, salamu itangulie kamera: "Ssebo (bwana), habari ya kazi?" kisha ombi. Anayekataa amekataa, msimpige kwa lenzi ndefu kutoka nyuma ya mti. Maeneo ya bwawa na daraja la Nile yana ulinzi wa askari, hivyo msielekeze kamera huko bila ruhusa.

Kosa linaloharibu picha nyingi za mwaloni ni la kipimo cha mwangaza. Kamera hudhani kila kitu mbele yake kina wastani wa kijivu. Mvuvi akisimama mbele ya maji yanayong'aa, kamera hupunguza mwangaza kwa ajili ya maji na uso wake unabaki doa jeusi: ongezeni stopu 1 hadi 1 na nusu (stopu 1 ni kuzidisha mwanga mara mbili), au pimeni mwanga kwenye shavu lake. Uso wenye ngozi nyeusi ukijaza fremu yote, kinyume chake hutokea: kamera inaupausha, hivyo punguzeni theluthi 2 za stopu. Kanzu nyeupe ikijaza fremu hutoka ya kijivu; ongezeni stopu 1. Mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe na uso mweusi ndiye mtihani wenyewe: pigeni faili la RAW (data ghafi ya kamera kabla ya kugeuzwa JPEG), lindeni weupe wa kanzu usiungue, kisha inueni vivuli nyumbani.

Zoezi linalosaidia kuliko hotuba yoyote: kila mtu apige fremu 36 tu, kama mkanda wa filamu, na asifute hata moja hadi klabu izione.

Hatua ya 3: Faili

Mwisho wa kupokea uwe Jumanne kabla ya mkutano, saa 2 usiku. Katibu anahitaji siku hizo tatu.

Msitume kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida. Programu huibana na kufuta kumbukumbu za kamera zilizomo ndani ya faili, zikiwemo tarehe na kasi ya shata. Gusa alama ya kibanio, chagua Document, tafuta faili lako. Hapo linafika kama lilivyo.

Ukubwa unahitaji hesabu kidogo. Projekta ya pikseli 1920 kwa 1080 ikionyesha picha ya mlalo yenye uwiano wa 3 kwa 2, picha inapata 1620 kwa 1080. Picha ya wima ya uwiano huohuo inapata 720 kwa 1080, yaani chini ya nusu ya eneo. Halafu watu wanashangaa kwa nini picha za wima hazishindi! Dawa ni kuamuru upande mrefu wa kila picha uwe pikseli 1080, ya wima na ya mlalo sawa. Skrini itabaki na weusi mwingi pembeni, lakini haki imetendeka. Projekta yenu ikiwa ya 1280 kwa 800, upande mrefu uwe 800.

Nafasi ya rangi, yaani mpangilio wa rangi wa faili, iwe sRGB, ule wa kawaida wa skrini nyingi. Picha iliyohifadhiwa kwa Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyosoma taarifa za rangi hutoka imefifia, nyekundu yake kama matofali ya zamani. JPEG ya ubora wa 90 kwa 100 yatosha.

Katibu huondoa majina na kupanga namba kwa kura, si kwa mpangilio wa kufika: "07_Mkunja chapati.jpg". Orodha ya namba na wenyewe ikae kwenye daftari lake, isitumwe popote.

Hatua ya 4: Ukumbi

Fikeni saa moja kabla. Ukuta wa rangi ya maziwa hufanya kila picha kuwa ya manjano. Afadhali shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa pande nne. Weka projekta kwenye mpangilio wa sRGB au sinema. Ule wa kung'aa sana umetengenezwa kwa ajili ya maandishi, nao hutia kijani kwenye ngozi. Onyesheni mstari wa ngazi 11 kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ngazi mbili za mwisho upande wa giza zikishikana, fungeni mapazia zaidi au inueni mwangaza wa projekta. Zikishikana upande wa nyeupe, punguzeni utofautishaji.

Umeme utakatika, swali ni lini. Betri ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) ina Wh 1200 (wati-saa), lakini ya aina ya gari isishushwe chini ya nusu. Wh 600 zikipita kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) hubaki 540 hivi, na projekta ya wati 300 itakwenda saa 1 na dakika 45 hivi. Zinatosha picha 40, hazitoshi picha 40 pamoja na hotuba ya mwenyekiti. Na kama paa ni la mabati, majaji waandike maoni yao: mvua ya Jinja ikishuka hakuna atakayesikia neno.

Hatua ya 5: Alama

Majaji 3, angalau mmoja kutoka nje ya klabu. Kwanza pitisheni picha zote 40 kimya, sekunde 4 kila moja, bila alama. Bila mzunguko huo picha za mwanzo huumia, kwa sababu jaji hajajua kiwango cha siku na anajificha kwenye alama za katikati.

Mzunguko wa pili, sekunde 30 kila picha. Kila jaji anaandika alama 1 hadi 10 kwenye karatasi yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Jumla ni 30. Majaji wakitofautiana kwa alama 4 au zaidi, picha inarudishwa na kila mmoja anaeleza sababu. Anayetaka kubadilisha abadilishe, asiyetaka abaki nayo. Sare ya nafasi ya kwanza inaamuliwa kwa kuweka picha mbili pamoja na majaji kunyoosha vidole.

Maoni yawe juu ya kinachoonekana: "jicho la mtazamaji linavutwa nje ya picha na mfuko mweupe pembeni" yanamsaidia mtu. "Nimeipenda" hayamsaidii.

Picha iliyoshinda ichapwe A4. Kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 2480, hivyo ombeni faili kubwa, si lile la projekta. Mwambieni fundi wa studio azime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, kwa kuwa hupausha ngozi nyeusi bila kuuliza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama mpya: Nina simu tu. Nitaonewa?
Jibu: Hapana. Simu ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000, zaidi ya mahitaji ya A4. Usivute kwa vidole, sogea kwa miguu. Zima pia kile kipengele cha kulainisha uso. Majaji wanakiona mara moja.

Mwanachama wa Walukuba: Picha yangu ilikuwa safi kwenye simu, ukumbini ikawa giza. Kwa nini?
Jibu: Ulihariri usiku skrini ikiwa na mwangaza wa mwisho. Shusha skrini hadi nusu, kisha angalia grafu ya mwangaza: kama kilima chote kimeegemea kushoto, picha ni ya giza, hata jicho likikudanganya.

Mwanachama wa Bugembe: Asubuhi niko kazini. Nipige saa ngapi?
Jibu: Jua huwa juu kabisa karibu saa 7 kasoro, hivyo kuanzia saa 4 hadi saa 10 usipige barabarani juani. Ingia chini ya baraza za maduka ya zamani ya Main Street: mwanga unaorudi kutoka barabarani ni laini na unaingia machoni kutoka mbele. Au subiri saa 12 jioni.

Mwanachama wa Mpumudde: Naweza kuleta picha ya watoto wa jirani wakicheza?
Jibu: Mzazi au mlezi akikubali. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa yake kwa taarifa za mtoto, na uso unaotambulika ni taarifa. Mwonyeshe mzazi picha yenyewe, umwambie itaonekana ukumbini na huenda ikachapwa, uandike jina lake na tarehe.

Mwanachama wa zamani: Mtu mmoja ameshinda miezi 4 mfululizo. Wengine wameanza kukata tamaa.
Jibu: Gawanyeni makundi mawili, wanaoanza na wazoefu. Aliyeshinda mara 3 kwenye la kwanza anapanda. Aliyeshinda mara 4 kwenye la wazoefu mwombeni akae kwenye kiti cha jaji mwezi ujao, bila kuleta picha.