Kufufua mota ya kifyonza vumbi iliyochakaa: makaa, komuteta na beringi

Kifyonza vumbi kikianza kunuka kuungua, kukwaruza au kuzimika chenyewe, mwenye nacho huambiwa kwamba mota imekufa. Mara nyingi haijafa. Mota hii hupeleka umeme kwenye amecha, yaani sehemu yake inayozunguka, kwa vipande viwili vya kaboni ambavyo mafundi huviita makaa, na kwa kuwa huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, vinavyoisha kwanza ni makaa hayo na beringi, kabla ya waya uliosukwa ndani. Somo hili linahusu mashine za waya za volti 230. Nyingi za betri zimejengwa kwa namna nyingine.

Hatua ya kwanza: hakikisha mwenye kosa ni mota

Chomoa plagi, toa mfuko, safisha chujio na uchungulie bomba. Njia ya hewa ikiziba, mlio wa mota hupanda na kuwa mwembamba, kwa sababu feni imekosa hewa ya kusukuma na mzigo wake umepungua. Wakati huohuo mota hupata joto, maana katika mashine nyingi hewa inayofyonzwa ndiyo inayoipoza, hadi swichi ya joto ikate umeme. Nimewahi kuletewa mota niibadilishie makaa, kumbe soksi ya mtoto ilikuwa imekwama kwenye kiwiko cha bomba.

Hatua ya pili: kufungua

Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa, na chora alama moja inayopita kwenye vipande vyote viwili vya bodi ya mota ili virudi vilivyokuwa. Toa makaa kwanza, ndipo uvute amecha, la sivyo yatavunjika kingo.

Hatua ya tatu: soma komuteta kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kaa lililobaki chini ya milimita 6 hivi limekwisha, nayo hubadilishwa yote mawili kwa pamoja. Lakini makaa mapya yakiwekwa juu ya komuteta mbovu, yaani ule mviringo wa vipande vya shaba kwenye amecha ambao makaa huugusa, yatateketea upesi. Itazame kwenye mwanga mzuri. Ikiwa laini na yenye rangi ya kahawia kama chokoleti, iache kama ilivyo, kwa sababu utando huo ndio unaoyafanya makaa yateleze. Ukiona vipande vya shaba vilivyoungua mahali pamoja huku vingine ni vizima, shuku waya uliokatika ndani ya amecha.

Weka malitimita kwenye kipimo cha omu, kisha pima kipande kimoja cha shaba na jirani yake, uzunguke hivyo mpaka urudi ulipoanzia. Vipimo vinatakiwa vikaribiane. Jozi inayosoma juu sana kuliko nyingine ina waya uliokatika, na inayosoma chini sana ina nyaya zilizogusana. Mwisho pima kati ya shaba na shafti, ambapo umeme hautakiwi kupita kabisa. Amecha iliyoshindwa mtihani huu haistahili makaa mapya.

Iliyofaulu lakini ina masizi isuguliwe kidogo kwa msasa laini wa namba 600, huku ukiizungusha kwa mkono. Usitumie kitambaa cha emeri, kwani chembe zake hujichimbia kwenye shaba na kuendelea kuyala makaa. Safisha mifereji iliyo kati ya vipande kwa kijiti cha meno.

Hatua ya nne: beringi

Zungusha shafti kwa vidole. Ikikwaruza au ikicheza kwenda pembeni, beringi imechoka. Namba yake imeandikwa ubavuni. 608, kwa mfano, ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22 na unene 7. Mashine moja niliyoifungua ilikuwa imetumika kusafisha nyumba iliyotoka kupigwa dari la jipsamu, na ndani ya beringi ya juu unga mweupe ulikuwa umeshikamana na grisi kama dawa ya meno iliyokauka.

Nati ya feni katika baadhi ya mota hufunguka kinyume, kwa hiyo jaribu pande zote mbili kabla ya kutumia nguvu. Vuta beringi kwa pula, na ukiingiza mpya sukuma pete ya ndani pekee. Nyundo niliiacha siku niliyopinda feni ya alumini kwa pigo moja. Mota iliyofungwa nayo ilitikisa meza nzima.

Hatua ya tano: kurudisha na kuzoesha

Hakikisha makaa yanateleza bila kukwama katika nyumba zake. Funga mashine yote, kisha iendeshe kwa kasi ndogo, bomba likiwa wazi, kwa nusu saa, ili ncha za makaa zikae sawasawa na mviringo wa komuteta.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Nimeweka makaa mapya, naona cheche. Ni hatari?

Jibu: Marahaba. Cheche ndogo za buluu kwenye ukingo wa kaa ni za kawaida, na hupungua makaa yakizoea. Pete ya moto wa njano inayoizunguka komuteta yote ni jambo jingine: zima mara moja na urudie vipimo vya hatua ya tatu.

Swali: Nimekosa saizi yangu. Naweza kuchonga kaa la betri kubwa ya tochi?

Jibu: Itazunguka, lakini kaa hilo halikutengenezwa kwa kazi hiyo, huisha upesi na kujaza mifereji unga. Afadhali ununue kaa la mota kubwa kidogo, ulisugue ubavuni juu ya msasa uliolazwa mezani. Dogo lenye kucheza usiliweke.

Swali: Amecha yangu imeshindwa vipimo. Niipeleke ikasukwe upya?

Jibu: Mimi nisingeipeleka, ndugu yangu. Kusuka kunawezekana, lakini kwa kasi hii amecha lazima isawazishwe uzito kwa mashine, na karakana nyingi za mtaani hazina mashine hiyo. Pima kipenyo na kimo cha mota, soma wati kwenye kibandiko, utafute mota nzima inayolingana.