Kumtunza nyumbani mbwa wa kazi baada ya upasuaji wa nyonga

Kabla ya kumchukua mbwa wako, muulize daktari wa mifugo ni upasuaji gani hasa uliofanyika, kwa sababu matunzo yote hutegemea jibu hilo. Mbwa aliyewekewa nyonga ya bandia hutakiwa kutulia kwa wiki kadhaa. Aliyeondolewa kichwa cha mfupa wa paja, upasuaji usiohitaji vifaa vingi, hutakiwa kuanza kuutumia mguu mapema, kwa kuwa kiungo cha awali hakipo tena na kinachoubeba mguu ni misuli pamoja na kovu linalojijenga taratibu mahali pake. Maelezo yafuatayo yanamhusu huyu wa pili.

Mazoea ya kumfunga mnyororo nyuma ya nyumba mpaka apone hayamfai, maana misuli hunywea na kovu hukakamaa. Kumwachia huru nako ni hatari, hasa kwa mbwa wa ulinzi au anayefuata mifugo, ambaye akisikia geti linagongwa au mbuzi wanatoka zizini husahau maumivu na kuruka. Mweke kwenye chumba kidogo asikoona geti wala zizi. Ikiwa sakafu ni ya vigae au saruji iliyosuguliwa, tandika mikeka au magunia ili asiteleze, na mwezi Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa na baridi, mwongezee tandiko nene.

Katika siku 3 za kwanza, mkande kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku. Kikague kidonda asubuhi na jioni bila kukiosha wala kukipaka mafuta au majivu, na uzuie nzi na vumbi. Nyuzi hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Hadi hapo avae kola pana ya plastiki shingoni ili asijilambe.

Dawa ya maumivu iwe ile aliyoandikiwa na daktari wa mifugo tu. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazopatikana kirahisi katika maduka ya dawa, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Akitapika au akitoa kinyesi cheusi, acha dawa na umpigie daktari. Usidhani kwamba haumwi kwa kuwa halii. Mbwa wa kazi wengi hawalii.

Mazoezi ndiyo yenye uzito kuliko yote. Daktari akisharuhusu, mara nyingi ndani ya siku chache, mtembeze kwa kamba fupi kwa dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, ukipitisha kitenge chini ya tumbo iwapo miguu ya nyuma inayumba. Mwendo uwe wa polepole sana, kwa kuwa akiharakishwa ataruka kwa miguu mitatu na ule uliopasuliwa hautagusa ardhi. Kisha mlaze ubavu, shika goti, ukunje na kuunyoosha mguu taratibu mara 10, ukizingatia zaidi kuunyoosha kuelekea nyuma, kwa sababu huko ndiko nyonga hukakamaa kwanza. Akigeuza kichwa kukutazama au akikaza mguu, umefika mwisho wake kwa siku hiyo.

Nyuzi zikishatoka, mzoeze kukaa na kusimama mara kadhaa kabla ya kumpa chakula, kisha mpandishe kilima kidogo. Wakati wa kiangazi, mchanga wa makorongo makavu ni uwanja mzuri wa kujenga misuli, mradi uende kabla jua halijawa kali na ukague miba ya migunga kwenye nyayo zake.

Kwa kuwa hafanyi kazi, mpunguzie ugali kwa kiasi cha robo lakini usimpunguzie dagaa. Mbavu zake zipapasike bila kubonyeza.

Wengi hugusisha vidole chini ndani ya wiki 2. Asipofanya hivyo baada ya muda huo, au kidonda kikivimba, kikinuka au kutoa usaha, mrudishe kwa daktari. Kazi kamili huweza kusubiri miezi 3 hadi 6, na hata hapo aanze na lindo fupi, tena ashushwe kwenye pikapu kwa kubebwa.