Namna ya Kuichambua Nadharia Inayouweka Uhalifu Ndani ya Mtu

Kila anayesoma elimu ya jinai hukutana mapema na dai moja lenye sura nyingi: kwamba wahalifu wana kitu fulani katika miili au nafsi zao ambacho watu wengine hawana. Kitu hicho kimewahi kuwa fuvu, umbo, kromosomu, jeni, mapigo ya moyo, akili na haiba, kwa kutegemea enzi na taaluma ya anayedai. Mwongozo huu unamwelekeza mwanafunzi, au yeyote anayetakiwa kuandika uchambuzi wa nadharia hizi, namna ya kulipima dai la aina hiyo bila kulimeza na bila kulitupa. Nasema bila kulitupa kwa sababu wapo wachambuzi ambao wakishamcheka Lombroso, yule daktari aliyeutafuta uhalifu kwenye mafuvu, huona kazi imekwisha.

Anza kwa kuuliza ni nani hasa aliyeitwa mhalifu katika utafiti unaousoma. Uhalifu hauonekani kwa hadubini. Ni kitendo kilichokatazwa na sheria, na mtu huingia katika takwimu baada ya kushukiwa, kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani, na katika kila hatua kuna wanaochujwa wakabaki nje. Kwa hiyo mtafiti anayewapima wafungwa huenda anapima sifa za watu wanaokamatika kwa urahisi. Andika pembeni kama sampuli ilitoka gerezani, hospitalini, katika kumbukumbu za mahakama, au kwa watu walioulizwa wenyewe wamefanya nini, kwa maana utaurudia mstari huo mara kadhaa kabla hujamaliza.

Kisha tafuta kundi la kulinganishia. Cesare Lombroso, daktari wa Kiitalia, alilichunguza fuvu la Giuseppe Villella, mtu wa Calabria aliyekuwa amefungwa, akaona kijishimo upande wa ndani wa kisogo ambacho alikifananisha na kile cha wanyama. Mwaka 1876 alitoa kitabu kilichodai kwamba yupo mhalifu wa kuzaliwa, aliyerudi nyuma hadi kwenye hali ya mababu wa kale wa binadamu, na ambaye hutambulika kwa alama kama taya kubwa na mikono mirefu. Kupima alipima sana; alichokosa ni ulinganisho wa haki na watu wasio wafungwa. Charles Goring, daktari wa magereza nchini Uingereza, aliufanya ulinganisho huo kwa wafungwa wapatao 3,000, na katika ripoti yake ya mwaka 1913 hakuipata ile sura maalumu ya mhalifu. Usiishie hapo, lakini. Goring huyohuyo aliona wafungwa wakiwa wafupi na wepesi zaidi kuliko wengine, akaamini pia kwamba upungufu wa akili unaorithiwa ndio chanzo kikubwa cha uhalifu. Hakuiua nadharia ya sifa za kuzaliwa. Aliihamisha tu kutoka kwenye taya hadi kwenye akili.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, nami nitakaa hapo kidogo: geuza swali juu chini. Mwaka 1965 Patricia Jacobs na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali ya ulinzi mkali huko Uskoti, ambako kati ya wanaume 197 waliopimwa, 7 walikuwa na kromosomu Y ya ziada, yaani XYY badala ya XY ya kawaida. Hiyo ni kama asilimia 3.6, ilhali katika wanaume kwa jumla hali hiyo humpata takriban mmoja kati ya 1,000. Ukiishia hapo utasema kromosomu hiyo inaongeza ukatili zaidi ya mara thelathini, na ndivyo magazeti yalivyosema. Sasa rudi kwenye mstari ulioandika pembeni. Wale 197 walikuwa wagonjwa wenye upungufu wa akili ambao tayari walihesabiwa kuwa hatari. Hesabu inatuambia ni wangapi kati yao wenye XYY, nasi tunachotaka kujua ni wangapi kati ya wenye XYY wanaofanya uhalifu. Hayo ni maswali mawili, na jibu la la kwanza haliwezi kukopeshwa kwa la pili.

Swali la pili lilijibiwa mwaka 1976 na kikundi cha Herman Witkin kwa wanaume waliozaliwa Copenhagen. Kwa kuwa wenye XYY huwa warefu, watafiti waliwachukua warefu, wakapima kromosomu za watu 4,139 na kupata 12 tu wenye XYY. Kati ya hao 12, watano walikuwa wamewahi kutiwa hatiani, yaani asilimia 41.7, dhidi ya asilimia 9.3 ya wenye kromosomu za kawaida. Tofauti ipo, hatuifichi. Hata hivyo mtu mmoja akihama katika kundi la watu 12 asilimia inayumba kwa pointi zaidi ya nane. Makosa yao kwa sehemu kubwa hayakuwa ya ukatili. Na alama zao za akili zilikuwa chini, jambo lililoeleza sehemu ya tofauti yenyewe. Lile jitu katili la magazetini halikuonekana.

Linapokuja dai la urithi, utakutana na tafiti za watoto walioasiliwa, kwa sababu mtoto wa namna hiyo ana wazazi wawili waliompa damu na wawili waliompa malezi. Utafiti mmoja mkubwa wa kujifunzia ni ule wa Sarnoff Mednick na wenzake uliochapishwa mwaka 1984, ambao ulifuatilia rekodi za watu 14,427 walioasiliwa nchini Denmark. Kwa wanaume, ambapo hakuna mzazi yeyote aliyetiwa hatiani, asilimia 13.5 ya waliolelewa walitiwa hatiani. Aliyetiwa hatiani alipokuwa ni mzazi mlezi peke yake, asilimia 14.7; alipokuwa ni mzazi wa damu peke yake, asilimia 20.0; na walipokuwa wote, asilimia 24.5. Zisome tarakimu hizi kwa sauti mbili. Kwa sauti ya kwanza, damu ina neno, kwani kupanda kutoka 13.5 hadi 20.0 hakuwezi kuelezwa na malezi ya mzazi ambaye hakumlea mtoto. Kwa sauti ya pili, watoto 80 katika kila 100 ambao mzazi wa damu peke yake ndiye aliyetiwa hatiani, wao wenyewe hawakutiwa hatiani kamwe. Angalia pia kwamba uhusiano ulionekana katika makosa ya mali, si katika ya ukatili, na uliza kama waliowapangia watoto familia walikuwa wakichagua familia zinazofanana na asili ya mtoto.

Baada ya tarakimu, dai uonyeshwe njia inayotoka kwenye sifa hadi kwenye kitendo. Nadharia nzuri huichora njia hiyo. Jeni ya MAOA hutengeneza kimeng'enya kinachovunja kemikali za ubongo kama serotonini na dopamini. Mwaka 1993 familia moja ya Uholanzi ilielezwa kuwa na hitilafu adimu katika jeni hiyo pamoja na matendo ya jazba miongoni mwa wanaume wake. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao, wakitumia watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa huko Dunedin, New Zealand, walionyesha kwamba jeni dhaifu ya MAOA, yaani inayotengeneza kimeng'enya hicho kwa kiasi kidogo, ilihusiana na tabia za kikatili hasa kwa waliotendewa vibaya utotoni. Jeni peke yake haikutosha kueleza. Kwa picha za ubongo, swali muhimu ni la wakati: kama sehemu ya mbele ya ubongo wa muuaji haifanyi kazi sawasawa, je, ilikuwa hivyo kabla, au ni matokeo ya vipigo vya kichwa na dawa za kulevya?

Nadharia za kisaikolojia zina mtego wao, nao ni mzunguko. Orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare ya kupimia saikopathi, yaani haiba isiyo na huruma wala majuto, ina vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2, jumla 40, na kwa kawaida Marekani Kaskazini alama 30 huhesabiwa kuwa mpaka. Baadhi ya vipengele ni makosa ya ujanani na wingi wa aina za uhalifu. Anayesema kwamba alama za juu zinatabiri uhalifu ajue kwamba kwa sehemu anatabiri uhalifu kwa uhalifu. Hans Eysenck, mwaka 1964, alijaribu njia nyingine: dhamiri ni hofu iliyofunzwa kwa adhabu za utotoni, na mwenye haiba ya kuchangamkia nje, yaani anayependa watu na msisimko, huchelewa kufunzika. Waweza kutokubaliana naye, ila dai lake linapimika.

Mtihani wa mwisho ni umri. Sifa za haiba hubadilika polepole, lakini uhalifu hupanda kwa kasi ujanani na kushuka baadaye. Nadharia isiyoeleza kwa nini watu huacha imeeleza nusu tu. Moffitt alilijibu hilo mwaka 1993 kwa kuwatenga wachache wanaoanza utotoni na kuendelea, ambao kwao hitilafu za neva na malezi mabovu vinafungamana, na wengi ambao uhalifu wao ni wa msimu wa ujana.

Unapokaa kuandika, chunga kitenzi. Sheria ya Indiana ya mwaka 1907 iliruhusu wahalifu sugu wafungwe uzazi kwa kuamini kwamba uhalifu unarithiwa, na imani hiyo ilisimama juu ya neno "husababisha". Usiandike: "Jeni ya MAOA husababisha ukatili." Andika: "Miongoni mwa wanaume waliotendewa vibaya utotoni katika sampuli ya Dunedin, wenye jeni dhaifu ya MAOA walionyesha tabia za kikatili zaidi kuliko wenzao wenye jeni yenye nguvu." Ni ndefu, na mhariri atataka kuikata, mwonyeshe kila kipande kinajibu swali gani kati ya yale tuliyouliza hapa.