Kabla hujalipa ada ya kusomea therapi ya ndoa California, kaa kwanza na kalamu upige hesabu ya masaa

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nane lazima nipigiwe simu na mtu, mara binamu wa rafiki, mara dada niliyesali naye Dar, anataka kuja huku kusomea therapi ya ndoa na familia kwa sababu "watu wote huwa wananiletea matatizo yao mimi". Sawa, hiyo ni karama na siikatai. Ila cha kwanza kuwa nacho ni kalamu na kalenda.

Masta yenyewe inatakiwa iwe na uniti 60 za semesta, na ndani yake kuna praktikamu, yaani mafunzo kwa vitendo, ya masaa 225 ya kushughulika na wateja, ambayo mara nyingi hulipwi hata nauli. Kama digrii yako ya kwanza ni ya nyumbani, anza mapema kuipeleka kufanyiwa ulinganisho, makaratasi ya vyuo vyetu yanachukua muda wake mnajua wenyewe. Halafu unamaliza, unapiga picha na joho, unatuma kwenye grupu la familia, mama anashukuru Mungu, na bado hujawa therapisti. Unakuwa asosieti, yaani mtu anayefanya kazi chini ya supavaiza (therapisti mzoefu anayekusimamia), na maombi ya kusajiliwa yapeleke bodi (hii bodi inaitwa Board of Behavioral Sciences) ndani ya siku 90 tangu digrii itoke, ukichelewa masaa utakayofanya hapo katikati yanaweza yasihesabiwe.

Sasa hesabu yenyewe. Leseni inataka masaa 3,000 kwenye wiki zisizopungua 104, na hata ukilala ofisini hawakuhesabii zaidi ya masaa 40 kwa wiki. Katika hayo, 1,750 angalau uwe umekaa na wateja, na humo 500 yawe ya wapenzi, familia au watoto. Ukiwa bado shule unaweza kujikusanyia mpaka 1,300, ndiyo maana praktikamu nzuri ni mali. Kuna mtihani wa sheria na maadili ambao unatakiwa uufanye ndani ya mwaka wa kwanza wa usajili, na ule wa kliniki mwishoni.

Hapa ndipo wenzetu wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, wanapokwama. Kama kozi yako haiko kwenye orodha ya STEM (masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), kibali cha kufanya kazi baada ya shule, ile OPT, ni miezi 12. Miezi 12 na wiki 104, hata ukitoa zile za shuleni, mara nyingi haifungi. Chuo hakitakwambia hili wakati kinakuandikia barua tamu ya kukupokea, kwa hiyo waulize wewe, na muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujauza kiwanja.

Na masaa bila saini ni hewa. Kuna fomu ya kila wiki inayosainiwa na supavaiza wako, na wiki isiyokuwa na supavisheni (saa moja ya wewe na yeye, au mawili ya kikundi) huwezi kudai masaa yake. Mimi kwenye kituo kimoja nilikuwa naona aibu kumsumbua yule mama, mtu mzima, yuko bize, nikawa naziweka tu kwenye droo nikisema atasaini zote mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukawa miezi minne, siku moja nafika naambiwa ameacha kazi, simu haishiki, na ofisi inaniambia hilo ni suala langu na yeye. Nilimpata baadaye sana, akasaini alichokikumbuka. Heshima kwa wakubwa ni kitu kizuri lakini kila Ijumaa nenda na kalamu yako mkononi.

Makaratasi unaweza kuyazoea ila kuna kitu kigumu zaidi yake, ile tabia ya kuwa mzee wa familia. Sisi tumekua na kungwi, mshenga, wajomba, mchungaji, na Tanzania hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwa kawaida mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kwenda kudai talaka mahakamani. Hao wote kazi yao ni kusikiliza halafu kusema nani kakosea. Sesheni yangu ya tatu, mume na mke wamekaa ncha mbili za kochi, mkoba wa mama umewekwa katikati kama ukuta (vitu vidogo nimevibadilisha wasijulikane). Baba kasahau bethdei ya mtoto mara ya pili. Mimi huyo, kwa sauti ya shangazi, "hapo baba mwombe radhi mwenzio yaishe". Akaomba. Nikajisifu moyoni. Wiki iliyofuata hawakutokea. Supavaiza akacheza video tuliyorekodi kwa ruhusa yao, akaisimamisha, akaniuliza umeona mkono wa mama? Kumbe wakati baba anaomba radhi mama alikuwa anauvuta mkoba kwake, taratibu, mpaka ukakaa mapajani, na mimi sikuona kitu, nilikuwa bize kukata kesi.

Kiswahili ni mtaji lakini nacho kina mitego yake. Wakimbizi wengi wa Kongo walioletwa Marekani wanakiongea, na kliniki nyingi zinategemea mkalimani wa simu, kwa hiyo watakuita kila siku. Jiandae kujifunza upya. Baba mmoja aliniambia bibi yake haongei naye tangu Pasaka, nikaandika kwenye notsi kuhusu nyanya yake, dakika ishirini nzima, kumbe kwao bibi ni mke.

Halafu jamii zetu ni ndogo. Mtu aliyelia mbele yako Jumanne, Jumamosi mko meza moja kwenye harusi na kadi ya mchango umechukua kwake. Huwezi kumchangamkia kana kwamba mnafahamiana mpaka yeye aanze, huwezi kumtibu rafiki, huwezi kumkopesha, na watu watasema unaringa. Amua mapema magrupu gani ya WhatsApp unabaki. Pia andika mapema utafanyaje mmoja wa wanandoa akikupigia pembeni kukwambia ana mtu mwingine, kwa sababu atapiga, na kama hukuwaambia siku ya kwanza kwamba siri za pembeni hutunzi, ameshakuweka upande wake.

Na la mtoto. Ukipata shaka ya msingi kwamba mtoto anaumizwa, tuseme alama za fimbo mgongoni, sheria ya California inataka upige simu mara moja na ripoti ya maandishi iende ndani ya masaa 36. Hakuna "ngoja niongee na baba yake kwanza". Kama hili huliwezi, afadhali ujue leo.

Hela inakuja polepole, uasosieti ni wa kubana matumizi, ingawa tangu Januari 2024 wenye leseni hii wanaweza kulipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali hasa ya wazee, kitu ambacho kabla hakikuwepo. Leseni ni ya jimbo moja, ukihamia Texas unaomba ya Texas. Ukirudi Kenya kuna sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, lazima usajiliwe kwanza na bodi yao.

Kabla ya ada basi, iandikie shule imeili uulize praktikamu nitatafutiwa na nani, masaa yangu atasaini nani, na aliyemaliza akiwa na viza kama yangu leseni aliipataje. Ya kwangu ilinijibu "utatafuta mwenyewe", nikadhani wanatania.