Kupamba nyumba msimu wa majani kupukutika kwa dola 30

Ikifika katikati ya Septemba, maduka ya Marekani hubadilika rangi kwa siku moja. Ukiingia unakutana na majani ya plastiki, maboga ya plastiki na mashada ya mlangoni ya dola 40 na kuendelea. Mimi hupamba kumbi za harusi na send-off za ndugu zetu hapa Minnesota, na wateja wangu wengi, msimu huu ukianza, huuliza wanunue nini ili nyumba ipendeze bila kuvuruga bajeti. Jibu langu halibadiliki: nunua kile kitakachooza au kitakacholiwa, na cha plastiki kiache dukani. Jani la plastiki linakugharimu mara mbili, siku unayolilipia na miezi kumi na moja linayokaa kwenye boksi chini ya kitanda.

Dola 30 zinatosha fleti ya vyumba viwili. Mimi huzigawa hivi: dola 10 za maboga, 8 za chungu kimoja cha maua ya krisanthemamu, 6 za taa, na 6 za duka la mitumba. Bei zinapishana kwa duka na mji, ila mgawanyo huo hunifaa kila mwaka.

Hatua ya 1: Chagua sehemu mbili tu

Mlango na meza, basi. Ukitawanya mapambo nyumba nzima, kila kona inapata kidogo na hakuna kona inayopendeza. Mgeni anaona mlango akiingia, kisha anakaa mezani. Bafuni hahitaji kuona boga.

Kabla hujagonga hata msumari mmoja, soma mkataba wako wa pango. Fleti nyingi hazitaki matundu ukutani, na nyingine hazitaki kitu chochote kwenye korido kwa sababu ya sheria za moto. Kama yako ni hivyo, shada litaning'inia upande wa ndani wa mlango, na hapo linadumu zaidi maana upepo haulifikii.

Hatua ya 2: Okota majani kwa wakati wake

Eneo la Minneapolis na St. Paul, rangi hukolea kuelekea katikati ya Oktoba. Kaskazini ya jimbo wanatangulia. Jani linageuka kwa sababu siku zinafupika na mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imejificha chini yake inajitokeza. Wekundu wa mti wa mepo (maple) wenyewe hutengenezwa msimu huohuo, na ukipata mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha, unakuwa mkali ajabu. Kwa hiyo wiki ya namna hiyo ndiyo ya kutoka na mfuko.

Chukua yaliyoanguka siku hiyohiyo, yakiwa bado laini, na siku iwe kavu. Jani lililokwishakuwa kama chapati ya juzi litavunjika mkononi. Okota barabarani kwenu au uani kwa rafiki; hifadhi nyingi za taifa na za majimbo haziruhusu kuondoka na mimea.

Watoto waonye kuhusu mmea mmoja: poison ivy. Msimu huu nao hugeuka mwekundu wa kuvutia, na majani yake hukaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, aghalabu ukipanda kwenye shina la mti au uzio. Ukiugusa, ngozi inawasha na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Majani matatu pamoja, usiguse.

Hatua ya 3: Yachovye kwenye nta

Hii ndiyo hatua inayotofautisha pambo la siku tatu na pambo la mwezi mzima, kwa hiyo usiiruke. Unahitaji nta ya nyuki, au vipande vya mishumaa myeupe isiyo na harufu. Kwenye maduka ya mitumba kama Goodwill vinauzwa kwa bei ya chini sana.

Weka maji kwenye sufuria kubwa, bandika moto mdogo, kisha weka kopo au sufuria kuukuu yenye nta ndani ya hayo maji. Nta usiiweke moja kwa moja kwenye moto kamwe: ikizidi joto inashika moto, na moto wa nta hauzimwi kwa maji. Ikishayeyuka yote, shika jani kwa kikonyo chake, lizamishe mara moja, litoe, lisubiri limalize kudondosha, halafu lining'inize kwa kibanio cha nguo kwenye kamba uliyotandikia magazeti chini. Ukiona jani limefunikwa na utando mweupe, nta yako imepoa. Iache ipate moto kidogo, kisha rudia jani lilelile. Likiwa sawa linang'aa kama lililolowa mvua, na rangi inaonekana imekolea kuliko ilivyokuwa mtini.

Asiye na muda wa nta alaze majani katikati ya karatasi mbili za nta, atandike kitambaa juu, apige pasi kavu bila mvuke. Yanatoka bapa, yanafaa dirishani zaidi kuliko kwenye shada.

Hatua ya 4: Shada la mlangoni kutokana na hanga

Chukua hanga ya waya, ile unayopewa na dobi. Ivute hadi iwe duara. Ndoano yake ibaki juu, ndiyo utakayoning'inizia. Funga majani matatumatatu kwa uzi wa katani, kila fungu lifunike vikonyo vya fungu lililotangulia, na uelekee upande mmoja tu hadi urudi ulipoanzia. Usibanebane sana. Sehemu ya chini, kidogo upande wa kushoto, funga utepe wa kitenge uliobaki kwa fundi. Kitenge cha kahawia au rangi ya haradali kinakaa vizuri sana na majani haya, na hakuna jirani atakayekuwa na shada kama lako.

Mabua ya mahindi pia yanauzwa sana hapa kwa ajili ya kusimamisha mlangoni, fungu moja kwa dola kadhaa. Sisi tuliokulia kwenye mahindi tunajua mabua ni chakula cha ng'ombe. Sijawahi kuyalipia na sitayalipia.

Hatua ya 5: Maboga, bila kuyachonga

Boga likichongwa linadumu siku chache, kisha linaanza kunywea na kuota ukungu. Boga zima likikaa mahali pakavu na pa ubaridi linafika miezi miwili hata mitatu. Hapo umenunua mara moja tu tangu Oktoba mwanzoni hadi Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Faida nyingine ni kwa familia zisizosherehekea Halloween, Waislamu na Wakristo wengi wa kwetu wakiwemo: boga zima ni pambo la mavuno tu, halina uso wa kutisha.

Chagua lenye kikonyo kigumu na ngozi isiyobonyea ukiisukuma kwa kidole gumba. Usilibebe kwa kikonyo. Kikikatika, uozo unaanzia hapo. Nyumbani lioshe kwa maji yenye jiki kidogo, kijiko kimoja kikubwa kwa lita nne, kisha likaushe kabisa, hasa tako lake. Liweke juu ya kitambaa au kipande cha boksi lisilale kwenye sakafu baridi yenye unyevu. Ukiliacha nje, tarajia kindi. Na usiku wa kuganda liingize ndani, kwani likiganda na kuyeyuka linalainika lote.

Nunua madogo yale ya kupikia, usipoteze pesa kwenye yale makubwa ya kuchonga ambayo yana maji mengi na ladha haba. Ukiweza kuvumilia hadi Novemba mosi, Halloween ikiwa imepita, bei inaporomoka, na kwenye makundi ya mtaa ya kugawana vitu utakuta watu wanayatoa bure. Vile vibuyu vidogo vya rangirangi vyenye vinundu ni vya kutazama tu. Usivipike: vinaweza kuwa na uchungu wa kuumiza tumbo.

Hatua ya 6: Meza

Tandika kanga katikati ya meza, ikunje kwa urefu. Nyekundu iliyopauka, machungwa, kahawia, zote zinafaa. Soma jina lake kwanza. Ya "Mgeni njoo mwenyeji apone" inapendeza, ila zile za mafumbo kwa mke mwenza ziache kabatini siku mama mkwe anapokuja. Juu yake weka ungo au kikapu, ndani yake maboga matatu ya ukubwa tofauti, majani machache, basi. Krisanthemamu ikae karibu na dirisha. Inunue ikiwa na vichomozo vingi ambavyo havijafunguka, na umwagilie chini kwenye udongo, si juu ya maua.

Mishumaa ya moto karibu na majani makavu yenye nta, hapana. Tumia ya betri.

Hatua ya 7: Mwanga na harufu

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na hapa kwetu jua linaanza kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Pambo lisiloonekana gizani halina maana, kwa hiyo zile dola 6 za taa usizihamishe. Kwenye boksi la balbu tafuta Kelvin 2700. Mwanga wake ni wa njano tulivu. Zile za 5000 zinaifanya sebule ionekane kama zahanati.

Kwa harufu, usinunue mishumaa ya viungo. Mdalasini, karafuu, tangawizi na kungumanga viko kabatini kwako tayari. Chemsha maji kwenye sufuria ndogo, tia vijiti viwili vya mdalasini, karafuu kumi hivi na maganda ya chungwa, punguza moto uwe mdogo kabisa, na uongeze maji yakipungua. Zima ukitoka.

Hatua ya 8: Pika mapambo

Wiki ya Thanksgiving boga lililo zima, lisilopakwa rangi wala kuoza, linaingia jikoni. Lipasue, toa mbegu uzioshe na kuzikaanga kwa chumvi, kisha katakata boga na ulichemshe na maji kidogo, sukari, iliki na chumvi ya kuonja. Likikaribia kuiva mimina tui zito, usifunike, acha litokote taratibu hadi rojo ishikane. Maganda yaende kwenye mboji kama mji wenu unaikusanya. Taa zibakize zilipo. Krismasi haiko mbali.